Baridi, Malori na Baiskeli Zetu

Mwezi wa Juni ukiingia, sisi wa Njombe hatuhitaji kalenda. Tunaamka tunakuta mvuke unatoka kinywani kama moshi wa jikoni, na huko mabondeni majani yamekuwa meupe kwa umande ulioganda. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na tangu Juni mpaka Agosti baridi ya usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Wageni kutoka Dar es Salaam hutuuliza tunaishije. Tunaishi, na asubuhi tunapanda baiskeli tunakwenda kazini.

Tuko watatu, wote wauguzi, wa mtaa mmoja na wa kanisa moja. Saa kumi na mbili na robo tumekwisha kutoka, wakati ukungu bado umelala barabarani. Siku hizi bodaboda ziko kila kona, na watu hutuuliza kwa nini tunajitesa. Jibu ni hesabu tu. Nauli ya kwenda na kurudi, ukiikusanya mwezi mzima, si kitu cha kuchezea kwa mama mwenye watoto shuleni. Tena juu ya pikipiki baridi huuma zaidi, maana miguu imekaa bure.

Barabara yetu ni ile kuu itokayo Makambako kwenda Songea, nayo hupita katikati ya mji. Hapo hupita malori ya mbao, ya nguzo, ya viazi na ya chai, pamoja na mabasi yenye haraka zake. Madereva wengi si watu wabaya, ila katika ukungu hawatuoni. Taa ya dainamo huwaka gurudumu likizunguka. Ukipanda mlima polepole inafifia, ukisimama inazimika, na tairi likilowa dainamo inateleza. Yaani inakuacha pale pale unapoihitaji. Kwa hiyo kila mmoja wetu amefunga tochi nyuma ya keria na kitambaa cheupe mgongoni. Breki nazo zina mambo yake. Rimu ya chuma ikilowa, mpira wa breki hauishiki, kwa hiyo tunaanza kubana kidogo kidogo mapema, ili maji yafutike kabla hatujafika kwenye mteremko.

Mama msomaji, kama unambeba mtoto nyuma, mwekee mahali pa kukanyagia, mbali na spoki. Visigino vilivyochanwa na spoki tumevisafisha vingi, na watoto hao hulia kilio ambacho hatupendi kukisikia tena.

Kifuani tunaweka gazeti chini ya sweta. Linazuia upepo kuliko sweta la pili, na likilowa jasho unalitupa. Mikono ndiyo kazi. Hata ukiwa na glovu unafika wodini vidole vimekufa ganzi, na hakuna mama mjamzito anayestahili kupimwa tumbo kwa mikono ya namna hiyo. Lakini usiipeleke kwenye jiko, maana ngozi iliyokufa ganzi haisikii moto mpaka imekwisha kuungua. Sisi huiweka kwapani, au kwenye maji ya uvuguvugu, mpaka damu irudi.

Basi hayo yote tuliyazoea. Kilichotusumbua kuliko baridi na malori kilikuwa sketi.

Wazee wa kanisa letu walikuwa wamesema wazi kwamba mama wa kanisa havai suruali hadharani. Tulitii. Tukawa tunaendesha na sketi ndefu, juu yake kitenge cha kuzuia baridi, tumekikunja na kukifunga kiunoni. Asubuhi moja ya Julai 2022, tukiteremka, kitenge cha mwenzetu kilifunguka kikaingia kwenye cheni. Baiskeli ilikwama ghafla, naye akaangukia upande wa lami. Nyuma yetu lilikuwa linakuja lori la mbao. Dereva alilikwepesha, na matairi yakapita hatua moja kutoka kichwani pake. Tulipomkimbilia hatukuweza hata kumwinua, kwa sababu cheni ilikuwa imekula nguo mpaka kiunoni. Tulikikata kitenge kwa mkasi wa mfukoni, ule tunaokatia bandeji. Mfupa wa mkono ulikuwa umevunjika karibu na kiganja, akakaa na plasta wiki sita.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tuliomba kuonana na wazee. Hatukwenda kubishana. Tuliweka kile kitenge mezani, kimechanika, kimejaa grisi, tukaeleza. Tuliwakumbusha pia kwamba Mtume Paulo, akiwa kifungoni, hakuona haya kumwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, tena akamhimiza afike kabla ya majira ya baridi. Kama mtume alihitaji nguo ya baridi, sembuse sisi.

Kulikuwa kimya. Mzee mmoja, mkubwa kuliko wote, alikishika kitenge akakigeuza geuza. Kisha akauliza, "Na hiyo suruali, mama, kweli inazuia baridi?"

"Inazuia, mzee wetu."

Walikubali suruali chini ya sketi fupi kidogo, njiani tu, na ivuliwe kabla ya kuingia kanisani. Kusema kweli hatukuridhika sawasawa. Mmoja wetu aliona ni neema, mwingine akanung'unika njia nzima kwamba ilibidi mtu avunjike mkono ndipo wasikie. Wa tatu, mwenye plasta, alisema yeye anataka kufika kazini akiwa hai, mengine wataongea baadaye.

Mkono ulipopona, mumewe alimpelekea fundi baiskeli, ikawekewa kava la bati kwenye cheni. Siku za kwanza alikuwa akisikia lori nyuma anashuka, anasimama majanini mpaka lipite. Tulikuwa tunashuka naye. Tulichelewa kazini mara kadhaa, tukasemwa, tukanyamaza.

Kabla ya Agosti kwisha, yule mzee alimtuma mkewe kwetu. Mama huyo huendesha baiskeli kupeleka maziwa mjini kila alfajiri. Alitaka kujua suruali nzito kama zetu zinapatikana wapi. Tulimwelekeza mitumbani, upande wa nguo za wanaume.