Seli shina na maumivu ya neva: Jua haya kabla ya kulipa

Je, seli shina zinaponya neva zilizoumia? Seli hizi zinaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ndiyo maana watafiti wana matumaini nazo.

Mwaka 2018 Japani iliruhusu kwa masharti tiba ya Stemirac kwa walioumia uti wa mgongo. Seli hutolewa kwenye uboho wa mgonjwa mwenyewe, huzalishwa maabara, kisha hurudishwa kwa dripu. Lakini ilijaribiwa kwa watu 13 tu, bila kundi la kulinganisha.

Kwa maumivu sugu, mamlaka ya dawa Marekani, FDA, haijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina. Imeonya pia kuhusu maambukizi, upofu na uvimbe.

Kliniki ikikuahidi kupona, waulize: nani ameidhinisha tiba hii? Wakibabaika, funga pochi.