Ua la Mvua ya Kwanza, Mezani Kwenu

Ukiingia sebule nyingi za vijana wa kisasa hapa Bongo, maua utayakuta. Yapo juu ya televisheni, kwenye kitambaa cha kufuma, na ni ya plastiki. Hayanyauki, hayaombi maji, na vumbi lake hupanguswa siku ya wageni tu. Sina ugomvi nayo. Lakini, mpenzi msomaji, hebu niambie: mara ya mwisho mwenzi wako kukuletea ua lililo hai ilikuwa lini? Na wewe je, ulimpelekea lini?

Najua jibu. "Hayo mambo ya Wazungu." Kweli, Waingereza wana dafodili, ua la manjano linalochomoza baridi inapoanza kuondoka. Wanalikata bustanini, wanaliweka mezani, na nyumba nzima inajua kwamba hali ya hewa imegeuka. Ila ua hilo lina ndugu wa ukoo mmoja huku kwetu, nalo ni zuri kwa sana!

Mume wangu ni mtu wa Newala. Tukienda ukweni mwishoni mwa mwaka tunapitia Masasi, mji wa joto na vilima vya mawe, kisha gari linapanda uwanda wa juu wa Makonde na upepo unabadilika. Ni msimu wa korosho. Ardhi imekauka toka Mei. Halafu mvua ya kwanza inapiga, na siku chache baadaye, kwenye mchanga ambao jana ulikuwa mtupu, kinachomoza kikonyo kimoja kimebeba duara jekundu kama mpira. Lile duara moja linaweza kuwa na vijiua mpaka 200. Wataalamu wanaliita Scadoxus multiflorus. Mimi naliita ua la mvua.

Shemeji yangu ni mwalimu Newala, mkewe ni nesi Masasi. Wanaonana wikiendi. Wenye ndoa za uhamisho wananielewa: Ijumaa mtu anafika amechoka, na kabla hajavua viatu mshaanza hesabu za kodi, ada na nani hakupokea simu. Mwaka huo mambo yalikuwa mabaya mpaka wifi akaanza kuruka wikiendi.

Ijumaa moja shemeji akakata maua matatu uani, akayatia kwenye glasi. Mama mkwe akamtazama. "Mwanangu, maji ya kuhesabu ndoo hapa, wewe unayanywesha majani?"

Hakuwa anatania. Uwanda ule hauna mito juu yake. Mchanga unanyonya mvua yote, na maji hutokea chini kabisa mabondeni. Kabla ya mabomba, wanawake waliteremka na kupanda ule mteremko na vyungu kichwani. Kuweka maji mahali pasipo na mdomo wa kuyanywa, kwa mtu wa rika lake, ni kufuru.

Wifi aliingia jioni. Akauliza, "Nani kaweka?" Mumewe akajibu, "Mimi. Nilikuwa nakusubiri." Basi. Hesabu zilikuja, lakini zilikuja baada ya chai.

Usiku mama mkwe alitusimulia jambo ambalo hata mume wangu hakulijua. Marehemu mzee, walipokuwa vijana, alikuwa anateremka nusu ya mteremko kumpokea chungu. Wenzake walimcheka. "Yeye hakuniletea ua," akasema, "ila nilijua kuna mtu ananisubiri."

Hapo ndipo penye siri, wapendwa. Thamani ya ua haiko dukani. Iko kwenye kumwambia mwenzako kwamba kabla hajafika, ulishamfikiria.

Ukitaka kujaribu, zingatia haya:

Kata asubuhi, kabla jua halijawa kali. Chagua ua ambalo vijiua vyake vingine bado havijafunguka, utalifurahia siku nyingi zaidi.

Usikate majani. Ndiyo yanayolisha kitunguu kilicho ardhini, na bila hayo mwakani utasubiri bure.

Maji kidogo yanatosha. Kikonyo chake ni laini, hivyo vidole vitatu vya maji si haba. Yabadilishe kila siku mbili, na ya zamani yamwagie maua ya nje, si mchicha.

Chombo chochote safi kinafaa: glasi, chupa ya jemu, chungu kidogo. Ukipenda kinyago cha mpingo, tia glasi ndani yake, kwani mti ukilowa na kukauka hupasuka.

Weka mbali na watoto. Mmea huu una sumu, hasa kitunguu chake. Ukishaushika, nawa mikono.

Na matatu yanatosha. Ukijaza chombo, uzuri wa kila moja unapotea.

Huna uani? Kitunguu kimoja kwenye kopo lenye mchanga, pale kibarazani, kinatosha. Kiangazi kiache kilale, usikimwagilie. Usikitupe ukidhani kimekufa. Mvua ikikaribia kitaamka chenyewe, na wewe utakuwa na sababu ya kuwahi nyumbani Ijumaa hiyo.