Shilingi inapodhoofika, ushuru wa mchele hupanda bila sheria mpya

MNAMO Januari 2024, dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya Sh160. Mwishoni mwa mwaka wa 2022, dola hiyo hiyo ilikuwa ikinunuliwa kwa takriban Sh123. Katika kipindi hicho chote, kiwango cha kawaida cha ushuru wa forodha kwa mchele unaotoka nje ya Afrika Mashariki kilibaki pale pale. Hata hivyo, mwagizaji aliyelipa ushuru huo katika bandari ya Mombasa alitoa shilingi nyingi zaidi kwa kila tani, na mzigo huo ukamfuata mnunuzi hadi dukani.

Jambo hili huwatatiza wengi. Mwananchi huzoea kusikia kwamba kodi hupandishwa na Waziri wa Fedha anaposoma bajeti mwezi wa Juni, kisha wabunge wakaijadili na kuipitisha. Ni nadra kuelezwa kwamba ushuru unaotozwa bidhaa za kilimo kutoka ng’ambo una mlango wa pili wa kupandia, nao ni thamani ya shilingi.

Ili kuufahamu mlango huo, ni muhimu kujua jinsi ushuru unavyokadiriwa. Maafisa wa forodha huanza kwa kujumlisha bei ya bidhaa, nauli ya meli na bima hadi bandarini. Kwa kuwa biashara hiyo kwa kawaida huendeshwa kwa dola, jumla hiyo hugeuzwa kuwa shilingi kwa kutumia kiwango rasmi cha ubadilishaji. Kiasi kinachopatikana ndicho thamani ya forodha, nayo ndiyo msingi wa asilimia zote zinazotozwa baadaye. Msingi ukiongezeka, ushuru huongezeka hata kama asilimia haikuguswa.

Katika mpango wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), mchele umewekewa ushuru wa asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kutegemea kilicho kikubwa. Kenya, ambayo hailimi mchele wa kuitosha, imekuwa ikiruhusiwa kutoza asilimia 35 au dola 200 kwa tani, pia kutegemea kilicho kikubwa.

Tuchukue mfano wa tani moja ya mchele ambayo imegharimu dola 600 hadi kufika Mombasa. Dola ikiwa Sh123, thamani ya forodha ni Sh73,800, na ushuru wa asilimia 35 ni Sh25,830. Dola ikipanda hadi Sh160, thamani hiyo inakuwa Sh96,000, na ushuru unafika Sh33,600. Mchele ni ule ule, bei ya muuzaji wa ng’ambo ni ile ile, na asilimia haikubadilika. Lakini hazina ya serikali imepata Sh7,770 zaidi kwa tani, yaani karibu Sh8 kwa kila kilo.

Huenda msomaji akadhani kwamba ushuru unaotajwa kwa tani, badala ya asilimia, ungeepuka tatizo hili. Ungeepuka iwapo ungetajwa kwa shilingi. Katika EAC, viwango vya aina hiyo hutajwa kwa dola. Dola 200 kwa tani ni Sh24,600 dola inapokuwa Sh123, na ni Sh32,000 inapofika Sh160. Hali ni hiyo hiyo kwa sukari, ambayo kiwango chake katika mpango wa pamoja ni asilimia 100 au dola 460 kwa tani. Kwa njia zote mbili, shilingi ikiteleza, ushuru hupaa.

Mbali na ushuru wa forodha, zipo ada mbili zinazokadiriwa kutokana na thamani hiyo hiyo: ada ya tangazo la uagizaji bidhaa na ada ya ustawishaji wa reli. Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023 ilipunguza ada ya kwanza kutoka asilimia 3.5 hadi 2.5, na ya pili kutoka asilimia 2 hadi 1.5. Kwa jumla, mzigo ulishuka kutoka asilimia 5.5 hadi asilimia 4, punguzo la zaidi ya robo.

Kwa tani yetu ya dola 600, ada hizo zilikuwa Sh4,059 kabla ya punguzo, dola ikiwa Sh123. Baada ya punguzo, na dola ikiwa Sh160, zilikuwa Sh3,840. Nafuu iliyotolewa na Bunge ilimezwa karibu yote na soko la fedha za kigeni, na kilichosalia ni Sh219 kwa tani, ambazo hazifiki hata senti 25 kwa kilo.

Mambo yaligeuka mnamo Februari 2024. Serikali ilikopa dola bilioni 1.5 katika soko la kimataifa ili kulipa sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa likikomaa Juni mwaka huo. Hofu ya wawekezaji ilipotulia, shilingi ilipata nguvu kwa kasi, na kufikia mwisho wa mwaka huo dola ilikuwa karibu Sh129. Mnamo Desemba 2024 ada ya reli ilirejeshwa hadi asilimia 2, na kuzifanya ada hizo mbili kuwa asilimia 4.5. Hata hivyo, kwa dola ya Sh129, tani ya mfano wetu ingetozwa ada za Sh3,483, kiasi kilicho chini ya kile cha wakati asilimia zilipokuwa ndogo. Mara hii sheria ilipandisha na shilingi ikashusha.

Kwa mnunuzi wa mjini hizo ni habari njema. Kwa mkulima wa Mwea katika Kaunti ya Kirinyaga, habari hizo zina upande wa pili. Ushuru wa forodha ndio ukuta unaomkinga dhidi ya mchele wa bei nafuu kutoka Asia, na ukuta huo hupimwa kwa shilingi. Dola ikiwa Sh160, mchele wa mfano wetu, ukishalipiwa ushuru na ada zote mbili, hugharimu Sh133,440 kwa tani. Dola ikishuka hadi Sh129, gharama hiyo ni Sh107,973. Mshindani wa mkulima amepunguziwa zaidi ya Sh25 kwa kilo, na kati ya hizo Sh6.51 zimetokana na kupungua kwa ushuru wa forodha pekee.

Shida ya mkulima ni wakati. Mbolea na dawa za kunyunyizia mimea hutegemea dola pia. Aliyezinunua shilingi ikiwa dhaifu, kisha akavuna ikiwa imara, alilipa gharama za juu na kuuza kwa bei iliyovutwa chini na mchele wa kigeni. Ndiyo sababu misamaha ya ushuru huzua mivutano mikali. Mnamo 2025, serikali ilipotangaza kuruhusu mchele kuingizwa nchini bila ushuru, suala hilo lilifikishwa katika Mahakama Kuu mjini Kerugoya.

Mchele wa Tanzania una hesabu yake. Ukitimiza masharti ya asili ya bidhaa ya EAC, hautozwi ushuru wa forodha. Kwa hiyo dola inapopanda na ushuru wa mchele wa Asia ukapanda nayo, mchele wa Mbeya hupata nafasi bora katika masoko ya Kenya.

Je, yawezekana kuutenganisha ushuru na misukosuko ya fedha? Ulaya ilijaribu. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikuwa na bei za pamoja za mazao. Mnamo Agosti 1969, Ufaransa ilishusha thamani ya faranga, na Oktoba mwaka huo Ujerumani Magharibi ikapandisha ya marki. Kwa mujibu wa kanuni, bei za mazao zingepaswa kupanda Ufaransa na kushuka Ujerumani. Serikali ya kwanza ilihofia mfumuko wa bei, na ya pili ilihofia ghadhabu ya wakulima.

Suluhisho likawa malipo ya fidia mipakani, ambayo yalienea kuanzia 1971. Nchi yenye fedha iliyopata nguvu ilitoza mazao yanayoingia na kuwapa ruzuku wauzaji wake wa nje. Yenye fedha dhaifu ilifanya kinyume. Hesabu zilibadilishwa mara kwa mara, kila zao na kiwango chake, na soko lililokusudiwa kuwa moja likagawanyika. Mpango huo ulitupwa mwishoni mwa 1992, ukaguzi wa mipakani ulipoondolewa.

Kwa Kenya, mabadiliko hayawezi kufanywa na Nairobi peke yake. Viwango vya EAC huamuliwa na Baraza la Mawaziri la jumuiya hiyo, huchapishwa katika gazeti rasmi, na kwa kawaida huanza kutumika Julai 1. Kutaja ushuru kwa shilingi kungempa mwagizaji na mkulima uhakika, lakini nchi za jumuiya hazina sarafu moja, na kiwango hicho kingeliwa na mfumuko wa bei. Kutumia wastani wa ubadilishaji wa miezi kadhaa kungepunguza mishtuko bila kuiondoa. Serikali nayo haina haraka ya kuachilia mapato hayo, kwa maana shilingi inapodhoofika, gharama ya kulipa madeni ya dola hupanda pia.

Hivyo basi, anayetaka kujua iwapo ushuru wa chakula umepanda hatapata jibu kamili katika hotuba ya bajeti. Hotuba hiyo hutaja asilimia mara moja kwa mwaka. Thamani ya shilingi, ambayo asilimia hizo huisimamia, hubadilika kila siku ya kazi.