Daftari Lifungwe, Maswali Yaendelee

Shule zikifungwa Desemba, wazazi hugawanyika: kuna wa tuisheni ya kutwa na kuna wa "mwache apumzike". Swali la kuanzia huwa haliulizwi: mtoto anasahau nini hasa?

Jibu linalotajwa sana limetoka Marekani, ambako likizo ya kiangazi hukaribia miezi miwili na nusu. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walichambua tafiti 39, wakaona kwamba kwa wastani mtoto hurudi darasani akiwa nyuma kwa takribani mwezi mmoja wa masomo. Makadirio hayo yamepingwa baadaye. Paul von Hippel ameonyesha kuwa matokeo hubadilika kulingana na mtihani uliotumika kupima. Likizo zetu nazo ni fupi zaidi. Kwa hiyo hakuna haja ya kutiana hofu. Cha kuzingatia ni kile kilichoporomoka zaidi katika tafiti za Cooper: ukokotoaji wa hesabu na tahajia.

Mtoto aliyeelewa maana ya kugawanya haisahau kirahisi. Hatua zake ndizo zinazopotea, pamoja na saba mara nane. Kuhusu tahajia, tukumbuke kwamba waliopimwa huandika Kiingereza, ambacho maandishi na matamshi yake hayapatani. Aliyekwisha kuzimudu silabi za Kiswahili hayumo hatarini sana. Wa shule inayofundisha kwa Kiingereza ndiye wa kuangaliwa.

Wengi humwambia mtoto, "Chukua daftari usome." Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi. Baada ya wiki moja, waliokuwa wameisoma mara mbili walikumbuka asilimia 42; walioisoma mara moja kisha wakajaribu kuiandika kutoka kichwani walikumbuka asilimia 56. Ila kati ya waliopimwa baada ya dakika tano tu, waliorudia kusoma ndio walioongoza! Hapo ndipo daftari linapotudanganya: mtoto analisoma, anajiona anajua, na wewe unaridhika.

Basi daftari lifungwe. Muulize tebo ya saba mkiwa mnamenya viazi. Akikwama mwambie jibu, kisha umuulize tena keshokutwa. Ukimtuma dukani sukari kilo moja na nusu na mche wa sabuni, akutajie chenji kabla hajatoka. Usiku asimulie hadithi aliyoisoma mchana, kitabu kikiwa kabatini. Robo saa kila siku inamtosha, tena itadumu kichwani kuliko saa nne za mfululizo wiki moja kisha kimya. Bao la babu, lenye kete 64, linamzoesha kuhesabu mbele. Nalipenda sana, lakini halitamkumbusha kugawanya.

Tuisheni ina kazi yake kwa mtoto ambaye hakuelewa tangu darasani. Kumtambua si kazi ngumu: mpe maswali sita ya kutoa mwanzoni mwa likizo. Akikosea hapa na pale, amesahau tu, na mazoezi yatamrudisha. Lakini tazama 402 kutoa 158. Akiandika 356, na maswali mengine yakaharibika vivyo hivyo, huyo hajasahau kitu: katika kila safu anatoa namba ndogo kutoka kubwa, iwe juu au chini. Ukimwongezea mazoezi atazidi kuizoea njia hiyo mbovu. Afundishwe upya kukopa, hasa penye sifuri, ndipo arudi kwenye maswali.