Utando wa kahawia tangini: pima maji kabla ya kumlaumu muuzaji

MFANYABIASHARA anayepeleka samaki wa mapambo wa baharini kutoka pwani hadi miji ya bara anaweza kupokea simu ya lawama wiki mbili au tatu baada ya mzigo kufika. Mchanga na mawe ya tangi yamegeuka kahawia, na mteja anadai kauziwa bidhaa mbovu.

Mara nyingi bidhaa haina kosa. Utando huo kwa kawaida ni diatomu, mwani mdogo sana unaojijengea ganda la silika, madini yaleyale yanayotengenezewa kioo. Tangi jipya huwa na silika na mabaki ya chakula, na bado halina viumbe wengine wa kushindana nao. Diatomu hutanda kwa siku chache, kisha hupungua zenyewe baada ya wiki kadhaa silika inapoisha.

Chanzo ni maji

Mteja wa Nairobi, Kampala au Kigali hana bahari karibu. Huchanganya chumvi maalumu ya matangi, takriban gramu 35 kwa lita, na maji ya bomba au kisima. Hapo ndipo silika huingilia. Maeneo yenye miamba ya volkeno, kama sehemu nyingi za Bonde la Ufa, huwa na maji ya kisima yenye silika nyingi, na kuyachemsha hakuiondoi.

Dawa ya kudumu ni maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO. Anayenunua kwenye maduka ya kujaza madumu aulize mambo mawili: je, mashine ni ya RO kweli, na je, baada ya kuchuja wanarudishia madini? Yakirudishiwa, hayafai kwa kazi hii.

Namna ya kusafisha

Mawe husuguliwa kwa mswaki laini ambao haujawahi kuguswa na sabuni. Mchanga hunyonywa kwa mpira pamoja na uchafu wake, kisha tangi hujazwa maji mapya ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya RO. Kubadilisha kwa maji yaleyale ya bomba ni kulilisha tatizo. Chakula kipunguzwe, taa zisiwake kutwa kucha, na tangi lisikae kwenye jua la dirishani. Konokono wa baharini wanaokula mwani husaidia sana.

Dawa za kumwaga majini ziepukwe. Zile zenye shaba huua konokono, kamba na matumbawe, na hapo hasara huwa kubwa kuliko utando wenyewe.

Si kila kahawia ni diatomu

Diatomu ni kama vumbi, hufutika kwa kidole. Utando ukiwa na nyuzi zenye ute na mapovu, ukapungua usiku na kurudi kesho yake mara taa zinapowaka, huenda ni dainoflajeleti. Baadhi yake zina sumu inayoua konokono, na kubadilisha maji mara kwa mara kunaweza kuzizidishia nguvu. Ukibanduka kama ngozi yenye wekundu, yaelekea ni sainobakteria, dalili ya uchafu uliozidi na maji yasiyozunguka vizuri.

Kwa hiyo muuzaji aombe picha mbili kabla ya kujibu lawama: moja ya asubuhi taa hazijawashwa, nyingine ya jioni.

Maelewano kabla ya safari

Fedha nyingi hupotea kwa kukosa maelewano. Ni busara kuandikiana mapema kwamba muuzaji anawajibika kwa samaki waliokufa njiani au ndani ya siku zilizokubaliwa, na kwamba utando wa wiki za mwanzo si sababu ya kurudisha mzigo. Aambatanishe pia karatasi ya maelekezo ya maji. Mteja mgeni asubiri wiki nne hadi sita tangi likomae, ndipo aagize samaki wa bei.

Mawe nayo yana sheria yake. Matumbawe magumu na mawe yanayotokana nayo yako chini ya mkataba wa CITES, hivyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Mzigo ukizuiwa mpakani hauna mteja wa kulalamika wala wa kulipa.