Je, Wajua? Fimbo ya Gofu Hupimwa Mwilini

Anayerudi kwenye gofu baada ya miaka mingi apimwe upya, maana mgongo na kiuno si vile vya ujanani. Mpimaji huanza na umbali kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, kisha hukagua kichwa cha fimbo kinavyolala chini. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, ncha ikiinuka, mpira huelekea kushoto.

Vichwa vingi ni vya feleji. Hapo watu wa Bukoba na Muleba watembee kifua mbele! Mwaka 1978, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza jinsi wahunzi wa Buhaya, eneo lenye Bukoba na Muleba, walivyozalisha feleji kando ya Ziwa Viktoria zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, kwa tanuri za udongo, viriba na makaa.