BUSTA YA REDIO: MAHALI PAKE NI JUU YA MLINGOTI

Watu wakaao mabondeni, kama vile katika bonde la Kerio chini ya miinuko ya Elgeyo, waijua taabu ya redio inayokwaruza wakati wa habari. Mawimbi ya FM husafiri karibu katika mstari ulionyoka, na mlima ukisimama katikati, yale yanayofika nyumbani ni dhaifu. Ndipo mtu huenda dukani akanunua kifaa cha kuongeza nguvu za mawimbi, ambacho mafundi hukiita busta, akakiweka mezani kando ya redio; na mkwaruzo huzidi.

Kosa si la kifaa. Busta haitengenezi mawimbi. Huongeza yale iliyopewa, mema na mabaya pamoja. Mawimbi dhaifu hupungua zaidi yakishuka katika kebo ndefu, na yakiisha kupotea humo hayarudishwi. Kwa hiyo busta hufungwa juu ya mlingoti, karibu na eriali, kabla kebo haijaanza safari yake.

Eriali yenyewe iwe nzuri kwanza. Wazee wakumbuka waya mrefu uliofungwa kutoka paa la nyumba hata juu ya mti. Huo ulifaa kwa mawimbi mafupi. FM yahitaji fito mbili za alumini, zenye urefu wa kadiri ya mita 1.5 kwa jumla, zilizoinuliwa juu ya paa na kuelekezwa vizuri. Pengine eriali ikiinuliwa mita chache zaidi, busta haihitajiwi kabisa, na fedha hubaki mfukoni. Karibu na stesheni yenye nguvu busta hudhuru, kwa maana hulemewa, na stesheni zikaingiliana.

Mlingoti usimamishwe mahali ambapo hata ukianguka hauwezi kugusa nyaya za umeme. Jambo hili halina mzaha: wako waliokufa wakiwa wameshika mlingoti.

Kebo ina waya mmoja katikati, na wavu wa nyuzi nyembamba kuuzunguka. Uzi mmoja tu wa wavu ukigusa waya wa katikati, redio hunyamaza, na mtu aweza kutafuta kosa siku nzima. Maungio ya nje yafungwe kwa utepe wa mpira, na kebo ilegezwe kidogo chini ya tundu la ukuta, ili maji ya mvua yadondoke hapo yasiingie ndani.

Busta hupata umeme wake, mara nyingi wa volti 12, kwa kebo ile ile, kutoka katika kisanduku kidogo kilichomo nyumbani. Kisanduku kina matundu mawili, moja la kebo ya eriali na moja la kebo ya redio. Yakibadilishwa, busta haipati umeme. Plagi ichomekwe mwisho. Tena, redio nyingi za mkononi hazina tundu la eriali ya nje. Hilo liangaliwe kabla ya kwenda dukani.

Katika sehemu kama Kisii na Kakamega, ambako radi hupiga mara nyingi, mlingoti wa chuma uunganishwe kwa waya mnene wa shaba na fimbo iliyopigwa ardhini, nayo iungwe na waya wa ardhini wa nyumba. Kazi hiyo apewe fundi wa umeme. Hata hivyo haizuii radi ipigayo mlingoti wenyewe. Plagi na kebo zing'olewe mapema, mawingu yakiwa bado mbali. Ngurumo zikiisha kukaribia, ziachwe zilivyo, wala mtu asiziguse.